Kabla ya Kumpeleka Mtoto Udaktari, Hesabu Miaka na Shilingi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mwishoni mwa Januari, napata wageni wasioumwa. Wanakaa kwenye foleni ya wagonjwa wa nje kama wengine, wakiingia wananikabidhi karatasi ya matokeo hata salamu haijaisha. Mwaka huu alikuja baba mmoja na binti yake. Mtoto ana B ya Baiolojia, B ya Kemia, C ya Fizikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari. Nimekuletea mwenzako." Binti akatazama sakafu. Baba akavuta kiti karibu na meza, akashusha sauti. "Niambie kweli. Huu udaktari unalipa, au tunajitafutia mateso?"

Kwa miaka mingi swali hili nimelijibu vibaya. Nilikuwa nasema udaktari ni wito, fedha zisitazamwe, nikaona nimesema la maana. Kumbe nilikuwa namficha mzazi. Mtu anayeuza mbuzi kulipa ada ana haki ya kujua mbuzi huyo atarudi lini, na kama atarudi. Siku hizi nasema hivi: udaktari unalipa, lakini unalipa kwa kuchelewa. Wengi niliowaona wakiumia njiani walikuwa na akili nzuri za darasani. Kilichowaumiza ni kwamba hakuna mtu nyumbani aliyejua ucheleweshaji huo ni wa muda gani, wala nani atabeba mzigo wakati wa kungoja.

Kwa hiyo chukueni karatasi, mzazi na mtoto pamoja, mkunje katikati. Upande mmoja ni wa miaka, upande wa pili ni wa shilingi.

Tuanze na miaka. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne Novemba 2025 akiwa na miaka 17 ataingia kidato cha tano Julai 2026. Atafanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2028, ataitwa JKT, kisha ataanza chuo kikuu kati ya Oktoba na Novemba mwaka huohuo. Shahada ya udaktari kwa Tanzania ni miaka 5, kwa hiyo atamaliza 2033. Baada ya hapo kuna intani, miezi 12 ya kufanya kazi chini ya uangalizi, akizunguka idara kubwa: tiba ya magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wanawake na uzazi. Akimaliza intani ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika linampa usajili kamili na leseni. Mmeshafika mwishoni mwa 2034 au mwanzoni mwa 2035, naye ana miaka 26. Hesabu hii ni ya mtoto ambaye hakurudia mwaka hata mmoja, hakuugua, hakukosa ada, na hakukaa nyumbani akisubiri nafasi ya intani. Kwa Kenya shahada yenyewe ni miaka 6, intani juu yake.

Sasa ongezeni mstari ambao watu wengi wanausahau: kusubiri ajira. Wakati wa wazazi wetu, daktari alitoka chuoni akiwa na kituo chake cha kazi. Hali hiyo imekwisha. Machi 2017 Tanzania ilikubali kuipelekea Kenya madaktari 500. Mpango huo ukakwama mahakamani kule Kenya, na Aprili Rais Magufuli akaagiza walioomba, 258, waajiriwe hapahapa nchini. Wengi waliikumbuka habari hiyo kwa siasa zake. Mimi niliisoma kama mwalimu anayesahihisha hesabu: madaktari 258 waliokuwa tayari kufungasha walikuwepo, na wodi zilizowahitaji zilikuwepo, tena katika nchi moja. Upungufu wa madaktari wodini na upungufu wa nafasi za ajira ni vitu viwili tofauti. Serikali inaajiri kwa kadiri bajeti inavyoruhusu, na kila nafasi zinapotangazwa waombaji ni wengi. Kwenye karatasi yenu wekeni angalau mwaka mmoja wa kungoja. Ukipungua, mtashukuru.

Na bingwa je? Shahada ya ubingwa ni miaka 3 na kuendelea, na mtu huanza kazi kwanza kabla ya kurudi darasani. Mtoto wetu wa miaka 17 anakuwa bingwa akiwa amepita 30. Kwa binti, miaka hiyo ndiyo ya kuolewa na kuzaa. Nasema hili waziwazi kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Nilibeba mimba ya kwanza nikiwa naingia zamu za usiku, na ubingwa nikauahirisha mara mbili. Sijutii mtoto wala kazi. Ila ningepanga mapema ni ndugu gani angekaa nami, na ningeongea na mume wangu kabla ya ndoa badala ya baada. Binti akiamua kusoma, mazungumzo hayo nayo yana nafasi yake kwenye karatasi.

Tugeuze upande wa shilingi. Habari njema kwanza: ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, ingawa nauli, godoro na mahitaji ya bweni bado ni yenu. Chuo kikuu ndipo mambo yanapoachana. Chuo cha umma kama Muhimbili kina ada ambayo mzazi mwenye kipato cha kawaida, akisaidiwa na mkopo, anaweza kupambana nayo. Katika chuo binafsi ada inaweza kuwa mara mbili, mara tatu na zaidi. Bodi ya Mikopo hupanga mkopo kwa kuangalia uhitaji wa mwombaji, na si kila mwenye uhitaji anapata ada yote. Tofauti kati ya ada na mkopo ndiyo namba muhimu kuliko zote kwenye karatasi hii. Izidisheni mara 5, kisha ongezeni chakula kwa miezi ambayo bumu linachelewa, vitabu, koti jeupe, na nauli za kwenda hospitali za mafunzo.

Hapa nina msimamo mkali, nanyi mnaweza kunipinga. Usiuze shamba kulipa ada ya mwaka wa kwanza kama hujui ya mwaka wa pili itatoka wapi. Nimeona vijana walioondoka chuoni mwaka wa pili au wa tatu. Darasani walifaulu, kilichowarudisha ni deni la ada. Wakarudi kijijini hawana cheti chochote, na shamba nalo limekwenda. Hilo ndilo anguko baya kuliko yote katika safari hii, na linazuilika kwa hesabu ya jioni moja.

Kama mtoto ana akili kali sana, atafute mlango wa ufadhili mapema. Tangu 2022/23 kuna Samia Skolashipu kwa wanaofanya vizuri kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita. Anayefikiria kusoma nje ya nchi, kabla ya kulipa hata shilingi, aulize Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo hicho na kozi hiyo vinatambuliwa, na aulize Baraza la Madaktari atatakiwa kupitia nini akirudi. Pia ajiulize nini kitatokea nchi hiyo ikichafuka. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, wanafunzi wetu waliokuwa wakisoma huko walilazimika kutoka chini ya mabomu, na masomo yakabaki njiani.

Sasa mshahara wenyewe. Daktari mpya wa serikali mwenye shahada huanza ngazi ya TGHS E, na tabibu mwenye diploma huanza TGHS B. Viwango hupanda serikali inapopandisha mishahara, kwa hiyo ulizeni vya mwaka wenu. Kosa ninaloliona kila mara ni watu kusikia mshahara wa jumla na kuugawa kichwani kana kwamba wote unafika mkononi. Tuchukue namba ya mfano tu, shilingi 1,600,000. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 80,000. Kodi ya mapato inakatwa kwenye 1,520,000 iliyobaki, nayo kwa viwango vya sasa ni 284,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 48,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, yaani 32,000. Kisha Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 240,000. Jumlisheni: makato ni 684,000. Kinachofika mkononi ni 916,000, na hapo hajalipa pango, hajatuma kitu kwa mama, wala hajamsaidia mdogo wake aliyeko sekondari, ambaye kwa mila zetu sasa ni wa kwake.

Deni likiwa milioni 20, kwa 240,000 kila mwezi linachukua miezi 84, yaani miaka saba. Ahueni ni kwamba mwaka 2021 serikali iliifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni livimbe kila mwaka. Anayedaiwa leo anaweza kuuona mwisho.

Watu watawaambia kuna posho za kuitwa kazini usiku na kuna zamu katika hospitali binafsi. Ni kweli, zipo, na madaktari wengi mijini wameinuka kwa zamu hizo. Msiziandike kwenye karatasi ya kwanza. Posho hutegemea makusanyo ya hospitali, na zamu ya pili inalipwa kwa usingizi. Daktari asiyelala hukosea dawa. Nimewahi kuandika dozi ya mtu mzima kwa mtoto saa kumi alfajiri, na muuguzi mwenye macho makali akanirudishia karatasi bila kusema neno. Tangu siku hiyo sikuchukua tena zamu mbili mfululizo, hata mwezi uliponibana.

Hali ya jirani zetu inafundisha pia. Kenya, mwaka 2024, madaktari waligoma siku 56, na kiini kikubwa kilikuwa malipo ya intani: makubaliano ya 2017 yalitaja shilingi za Kenya 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Namba iliyosainiwa na namba iliyoingia benki zinaweza kuishi miaka mingi bila kukutana. Kuhusu kazi za miradi inayofadhiliwa na wageni, ambazo kwa muda mrefu zililipa vizuri, Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wahudumu wa afya waliokuwa kwenye miradi ya UKIMWI walijikuta nyumbani. Kazi hizo zinafaa kwa mwenye akiba, asiyezijengea maisha yote.

Wanaotazama Uingereza au Ghuba wajue kwamba kila nchi ina mtihani wake wa leseni na gharama zake kwa fedha ya kigeni. Mlango upo, lakini usiwe sababu ya kuanza safari.

Baada ya hesabu hizi baba yule alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo hailipi." Hapana, sikusema hivyo. Daktari aliyeko ngazi yake, aliyemaliza deni, anayeishi wilayani ambako pango ni dogo, anaweza kujenga na kusomesha bila kumpigia mtu magoti. Mshahara wake unafika mwezi hadi mwezi, na uzeeni ana pensheni. Akipata ruhusa ya mwajiri kwenda kusomea ubingwa, anaendelea kulipwa mshahara akiwa masomoni, na wizara ina ufadhili wa mabingwa. Ndiyo sababu huwaambia vijana wasikimbilie kujilipia ubingwa wenyewe: nenda wilayani kwanza, jifunze kupasua mama aliyekwama kujifungua, kisha urudi chuoni ukiwa na mwajiri nyuma yako. Wenzangu waliong'ang'ania kubaki jijini bila ajira, wakingoja nafasi nzuri, tuliwapita sisi tuliopanda basi la kwenda kusikojulikana.

Ipo pia njia ya tabibu, na naomba wazazi wasiitazame kwa dharau. Mtoto mwenye alama za kupita katika Kemia, Baiolojia na Fizikia anaweza kuingia diploma ya utabibu moja kwa moja kutoka kidato cha nne, akasoma miaka 3. Mwenzake anapokuwa mwaka wa pili wa shahada, yeye ameshamaliza. Akiwa na ufaulu mzuri, wastani wa B, anaweza kuomba shahada ya udaktari baadaye. Baadhi ya madaktari bora niliofanya nao kazi walipita huko: wakifika wodini mwaka wa tatu hawatetemeki, mikono yao inajua. Hasara yake ni miaka inayoongezeka, na matabibu nao ni wengi wanaosubiri ajira. Mkopo kwa diploma upo kwa baadhi tu ya kozi za afya, kwa hiyo someni orodha ya mwaka wenu kabla ya kuutegemea. Kwa familia isiyo na mtu wa kushika ada miaka 5, mimi ningeanzia huko.

Sasa mtoto mwenyewe. Watu humpima kwa damu: akizimia akiona damu, hafai. Si kweli. Nimesoma na kijana aliyeanguka siku ya kwanza kwenye chumba cha maiti, na leo anapasua. Kipimo changu ni kingine. Mpelekeni akamuuguze ndugu aliyelazwa, usiku mzima na kesho yake. Amwoshe, amlishe, avumilie harufu na kelele, amwone anayelalamika bila sababu na asimchukie. Udaktari sehemu kubwa ni marudio: mgonjwa wa 40 ana kikohozi kilekile cha wa kwanza, naye anastahili masikio yaleyale, kwa sababu huenda ni yeye mwenye kifua kikuu. Anayependa sifa ya koti jeupe huchoka mapema sana. Kipimo cha pili ni jinsi anavyopokea kufeli. Mtoto aliyekuwa wa kwanza maisha yake yote atakutana na sapu mwaka wa kwanza, kwenye anatomia au baiokemia, na ni lazima ajue kurudi mezani Jumatatu.

Nami niseme yangu, ili karatasi isiwe ya namba tupu. Nikiwa intani, mahali ambapo sitapataja, posho ilikaa miezi mitatu bila kutoka, na mama mwenye duka ndiye aliyenikopesha unga. Katika miezi hiyohiyo, usiku mmoja, mama aliyetoka kujifungua akaanza kumwaga damu. Nilikandamiza mfuko wa uzazi hadi mikono ikafa ganzi, muuguzi akakimbilia chupa ya damu, tukakesha. Alfajiri mama yule aliniomba uji. Deni la unga nililipa. Uji ule hadi leo nikiukumbuka napata nguvu ya kuingia kazini. Kijana asiyepata chochote cha namna hiyo katika kazi hii ataona makato tu kila mwisho wa mwezi, na atakuwa na haki ya kulalamika.

Mwisho wa kazi ya karatasi, tafuteni madaktari watatu. Msiende kwa bingwa maarufu, yeye ameshavuka. Tafuteni aliyeko intani sasa, aliyemaliza na anasubiri ajira, na mwenye miaka mitano kazini. Waulizeni maswali yenye namba: ulikaa nyumbani miezi mingapi? Mwezi uliopita ulipokea kiasi gani mkononi? Deni limebaki kiasi gani? Nani alikulisha ulipokuwa unasubiri? Wengi watajibu, tena watafurahi kuulizwa. Fanyeni hivyo kabla dirisha la kubadilisha tahasusi halijafungwa.

Baba na binti walirudi baada ya wiki mbili. Safari hii daftari lilikuwa mikononi mwa binti. Aliwapata madaktari wote watatu, na aliyekuwa akisubiri ajira alikuwa amekaa nyumbani miezi 14. Walikubaliana nyumbani kwamba ataingia PCB shule ya serikali, ataomba vyuo vya umma tu, na mkopo usipotosha ataomba utabibu mwaka huohuo bila kununa. Baba alisema shamba haliuzwi. Kisha binti, ambaye mara ya kwanza hakutoa sauti, akauliza kama katika miezi ile ya kusubiri ajira ataruhusiwa kufanya zamu hospitali binafsi.

"Ukishapata leseni yako, ndiyo," nikamwambia.

Akaandika.